Je, Mashine Yaweza Kuhisi Uchungu?

Huzuni na hofu huupata mwili kabla ulimi haujapata la kusema. Moyo hudunda, usingizi hupotea, chakula hakiliki. Mashine haina mwili wa namna hiyo. Ilicho nacho ni maneno.

Mwaka 1966 Profesa Joseph Weizenbaum wa Marekani alitangaza programu ya kompyuta iitwayo ELIZA, iliyogeuza maneno ya mtu yakawa swali. Aliyeandika kwamba ana huzuni aliulizwa kwa nini ana huzuni. Katibu wa profesa huyo alikuwa ameiona ikitengenezwa kwa miezi mingi. Hata hivyo alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Kulikuwa na moyo mmoja tu katika mazungumzo hayo, nao ni wa yule mama.

Programu za siku hizi, zilizomo hata katika simu, zina ufundi mkubwa zaidi. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu, nazo hukisia neno lifaalo kufuata. Zikisema "pole", zimeliokota neno hilo kwa watu waliopata kufiwa.

Katika mji wa Juba jambo hili si mchezo. Vita vilizuka humo Desemba 2013. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza kwamba Sudan Kusini nzima ilikuwa na madaktari wawili tu wa maradhi ya akili, wote wakiwa Juba, na kwamba Hospitali ya Mafunzo ya Juba ilikuwa na vitanda 12 vya wagonjwa hao. Palipo na uhaba wa namna hiyo, mtu aweza kushawishika kuiambia simu siri asiyokuwa na wa kumwambia.

Si vibaya kuiuliza mashine dalili za ugonjwa. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mfariji wa kweli huketi matangani, hukosa usingizi kwa ajili ya mwenzake, na kesho yake hurudi kumjulia hali.

Basi mzazi amwonapo kijana wake amekuwa mkimya, hali vizuri, au hushtuka ovyo usiku, yafaa amketishe na kumsikiliza bila ya kumkatiza wala kumkemea. Hali ikizidi, amsindikize hospitali mwenyewe. Jirani naye asingoje kuitwa.