Keshi Moja Yatosha, Dada



Pilau ya harusi haikamiliki bila thomu, na thomu ya Mbulu, kule Manyara, ina jina lake. Tuseme dada mmoja wa Mbulu, au wa Katesh wilayani Hanang, amefungua duka la mtandaoni kwa WordPress na WooCommerce, anawauzia hadi bi harusi wa Unguja na Pemba. Duka linafunguka polepole, basi anaweka plagini ya keshi, ile inayotunza nakala ya ukurasa ili utoke haraka. Akisikia kuna nyingine nzuri zaidi, anaiongeza juu yake.

Mimi nasema ya pili ni balaa. Plagini kama W3 Total Cache na WP Super Cache zote hutumia faili moja, advanced-cache.php, ndani ya folda ya wp-content. Nafasi ni moja, wenyewe wawili. Ukibadilisha bei, moja husafisha nakala yake na nyingine ikabaki na ya jana. Mteja anaona bei moja kwenye bidhaa na nyingine kwenye malipo. Hujamdhulumu, lakini yeye atajuaje?

Zito zaidi ni stara. Kurasa za kikapu, malipo na akaunti hazitakiwi kuwekwa kwenye keshi kamwe. Mipangilio ikivurugika zikahifadhiwa, mteja mmoja anaweza kuona jina, simu na anwani ya mwenzake. Fikiria bi harusi ambaye namba yake na nyumba yake vimefunuliwa kwa mtu asiyemjua.

Ukishuku ugomvi huo, fanya hivi:

1. Chukua nakala kamili ya tovuti.
2. Zima plagini zote za keshi. Tatizo likibaki, angalia keshi ya seva, ya Cloudflare kama unaitumia, na ya kivinjari chako.
3. Likiondoka, washa moja tu. Nyingine ifute kabisa, na hakikisha advanced-cache.php yake haikubaki.
4. Ondoa kikapu, malipo na akaunti kwenye keshi.
5. Safisha keshi zote, kisha jaribu kununua kwa simu nyingine, bila kuingia kama mwenye duka.

Najua wapo watakaosema kasi ndiyo inayouza. Kweli, mteja hapendi kusubiri. Lakini kasi hiyo plagini moja iliyopangwa vizuri inaitosha, na picha nzito ukizipunguza ukubwa utapata nafuu zaidi. Mteja akisubiri kidogo atasamehe. Akiona siri yake mikononi mwa mwingine hatorudi, na atawaambia wenzake. Taarifa zake ni amana, na amana haiuzwi kwa kasi.

Allah azitie baraka biashara zetu na azilinde stara zetu. Amin.