Madini Yanapimwa, Nyumba Zetu Je?



Kila mtu wa Rubaya na wa Bisie anajua jambo hili: koltani na kasiteriti hazinunuliwi kwa macho. Mnunuzi hupima uzito, kisha hutwaa kiasi kidogo kipelekwe kwa wapimaji, waseme ndani yake mna sehemu ngapi kwa mia za madini yenyewe. Sehemu hizo zikipungua, bei hushuka palepale. Sisi makarani ndio tunaoandika hesabu hizo katika daftari, nasi twajua kwamba tajiri wa ng'ambo hapokei hata mfuko mmoja kwa maneno matupu.

Basi twauliza: tofali la simenti la nyumba ambamo mtoto wetu atalala, nani amelipima?

Hakuna. Fundi hutafuta mchanga ulio karibu na ulio rahisi. Akiupata mtoni, vema. Akiupata katika lundo la mchanga uliokwisha kuoshwa koltani, huuchukua pia, maana haudaiwi bei kubwa. Huuchanganya na simenti kidogo, huujaza katika kalibu, na kesho yake tofali liko sokoni. Mwenye nyumba, aliyeweka akiba miaka mingi ili aache nyumba ya mbao na udongo ajenge ya kudumu, hulipa na kushukuru.

Yafaa tujue yaliyowapata wenzetu wa mbali. Ireland si nchi maskini. Ina sheria, ina vyuo, ina mainjinia wengi. Hata hivyo, katika jimbo la Donegal na la Mayo, nyumba nyingi zilijengwa kwa matofali ya simenti yenye kasoro. Baada ya miaka michache kuta zikaanza kupasuka. Serikali yao iliunda baraza la wataalamu mwaka 2016, nalo likatoa taarifa mwaka 2017. Mwaka 2018 ukawekwa utaratibu maalum wa kuzikagua nyumba hizo.

Fikirini kazi ya injinia anayetumwa huko. Anakuta nyumba imepakwa rangi nzuri, mama amepanga vyombo vyake, watoto wako shuleni. Anaanza kwa kutazama nyufa: ziko wapi, zina upana gani, zimesambaa kama utando wa buibui au zimekwenda moja kwa moja. Kisha anatoboa ukuta, anatoa kipande cha tofali na kukipeleka kwa wapimaji wakitazame kwa darubini. Mara nyingine hapana haja ya darubini: tofali linavunjika mkononi kama ugali mkavu wa juzi. Ndipo injinia huchagua njia moja katika njia 5 zilizoandikwa, kuanzia kubomoa upande wa nje wa kuta zilizoharibika tu, hadi kubomoa nyumba nzima na kuijenga upya. Si kazi nyepesi kumwambia mtu kwamba nyumba ambayo bado analipia mkopo wake haifai kukaliwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauzibiki. Ukipaka lipu leo, mwaka ujao unarudi, kwa sababu ugonjwa umo ndani ya tofali lenyewe.

Ugonjwa huo ni nini? Wataalamu wametaja mawe mawili. La kwanza ni ulanga, zile chenga nyembamba zinazong'aa juani. Ulanga ukizidi katika mchanga, simenti haishikani vizuri, na tofali hunywa maji. La pili ni jiwe la chuma lenye salfa, liitwalo pirotiti. Likikutana na hewa na maji hugeuka, hutoa asidi, asidi hiyo hula simenti, na tofali huvimba na kupasuka kutoka ndani. Jiwe hilo limeharibu pia misingi ya nyumba huko Trois-Rivières katika nchi ya Kanada, na katika jimbo la Connecticut, Marekani.

Sasa turudi kwetu. Koltani ya Rubaya hutoka katika mawe yenye ulanga, na kila aoshaye mchanga huko ameuona uking'aa katika karai. Kasiteriti ya Bisie hukaa jirani na mawe ya shaba na ya chuma yenye salfa. Hatusemi kwamba kila tofali la Masisi au la Walikale ni bovu. Twasema kwamba mawe ya namna hiyo yapo kwetu, tena yamelundikwa tayari karibu na njia, yakimngoja mtu mwenye haraka.

Ni kweli, kwetu hakuna barafu ya kupasua kuta kama Ulaya. Lakini mvua tunayo, tena nyingi. Na ardhi yetu hutikisika. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la nguvu ya 5.9 liliua watu Rwanda na Bukavu. Mwezi wa Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, mitetemeko iliyofuata ilipasua majumba Goma. Ukuta dhaifu hauui siku ya mvua ya kwanza. Hungoja siku kama hizo.

Tena vita vimewafukuza watu wengi katika vijiji vyetu. Kila anayerudi atajenga. Shule zitajengwa, zahanati zitajengwa. Tukikosea mchanga sasa, tutawarithisha watoto nyufa.

Basi tufanye nini? Kwanza, mchanga wa mabaki ya mgodi usitumike kujengea mpaka umepimwa. Pili, fundi aoneshe kazi yake. Tia mchanga katika chupa nyeupe, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha utulie: tope likiwa tabaka nene juu ya mchanga, ukatae. Tofali nalo limwagiwe maji siku 7, lisiuzwe kesho yake. Lakini tusidanganyane: chupa huonyesha tope, haionyeshi salfa. Hiyo ni kazi ya wapimaji wenye vyombo.

Kwa hiyo twadai, tatu, kwamba Serikali iwalete. Office Congolais de Contrôle imekuwapo tangu 1974, na kazi yake ni kuchunguza ubora wa bidhaa. Tofali nalo ni bidhaa. Kama wapo wa kupima jiwe linaloondoka, wawepo wa kupima jiwe linalobaki.

Nne, tudai karatasi. Sheria ya mikataba ya 30 Julai 1888, iliyowekwa na wageni na ambayo Kongo ingali ikiitumia, inasema kwamba jengo la mkataba likianguka kwa kasoro ya ujenzi, hata kwa ubovu wa ardhi, aliyejenga atajibu kwa muda wa miaka 10. Sheria hiyo ni yetu pia. Lakini anayenunua matofali njiani bila hati atamshitaki nani? Tuandike jina la muuzaji, idadi ya matofali, mahali mchanga ulipotoka, na tarehe.

Kule Ireland, wananchi waliungana, wakaandamana mpaka Dublin, na sheria ya mwaka 2022 ikaweka msaada hadi euro 420,000 kwa nyumba moja. Sisi hatuna hazina ya namna hiyo. Nyumba yetu ikibomoka, anayelipa ni mama yule yule aliyeuza maharagwe kuijenga.

Mali ya ardhi hii hupimwa kwa gramu inapokwenda kwa wengine. Ndugu zetu, tusikubali kwamba kitu pekee kisichopimwa katika Masisi na Walikale ni ukuta anaolalia mwananchi.