Kivuli Si Mtu

Siku hizi husifiwa sana elimu ya kumchora mhalifu kwa takwimu. Wataalamu hukusanya habari za makosa mengi ya zamani, wakatazama yalitendwa wapi na kwa namna gani, kisha wakaeleza asiyejulikana huenda ni mtu wa aina gani. Siipingi elimu hiyo. Ninachopinga ni kuipa kazi isiyo yake.

Kwanza tuipe haki yake. Mwaka 1986 polisi wa London walimsaka mbakaji na mwuaji aliyevizia wanawake karibu na reli. Profesa David Canter aliyapanga matukio kwenye ramani, akasema yaelekea mtu huyo anaishi upande wa Kilburn na ndoa yake ina matatizo. Alipokamatwa John Duffy, ikawa kweli. Mwaka 1993 Canter na Larkin walichunguza wabakaji 45 wa Uingereza, wakaona asilimia 87 waliishi ndani ya duara la maeneo ya makosa yao. Polisi hapo anajua pa kuanzia.

Lakini ndani ya duara hilo wamo maelfu wasio na kosa. Tena mwaka 2002 Mokros na Alison walipima wabakaji 100, wakaona kwamba waliofanana kwa vitendo hawakufanana kwa umri, hali ya maisha wala rekodi ya makosa.

Kisio likigeuzwa ushahidi, watu hufa. Julai 1992 Rachel Nickell aliuawa Wimbledon, London. Kwa kufuata picha iliyochorwa na mwanasaikolojia, polisi walimtegea mtego mtu mmoja mpweke, akakaa rumande zaidi ya mwaka, hadi jaji alipoitupa kesi Septemba 1994. Mwuaji wa kweli, Robert Napper, alikuwa nje; Novemba 1993 akaua mama na bintiye. Alikiri kumwua Nickell mwaka 2008. Picha ile ilitokana na uzoefu wa bingwa, si takwimu. Je, takwimu zingetuponya?

Nakujibu, ndugu msomaji, kwa aibu. Nilipokuwa mwalimu mkuu, fedha zilipotea bwenini. Nikafungua daftari langu la adhabu: karibu wezi wote wa miaka kumi walikuwa wadaiwa karo. Nikamfukuza mdaiwa mmoja aliyelala karibu na sanduku lililovunjwa. Baada ya wiki tatu fedha zikaonekana kwa kiranja, mtoto wa mwenye duka. Nilimwandikia baba wa yule kijana; hakurudi shuleni.

Daftari halikusema uongo. Lakini kila kilipopotea kitu, nilipekua masanduku ya nani? Ya wadaiwa karo. Hesabu yangu ilihesabu macho yangu mwenyewe. Takwimu za polisi nazo huandikwa kutokana na waliokamatwa, aliyeponyoka hayumo.

Basi takwimu zimwonyeshe polisi mlango wa kubisha hodi. Zisimwonyeshe hakimu mtu wa kufunga. Mimi nilikuwa polisi na hakimu kwa siku moja, na kijana wa watu akapoteza masomo.