Mwalimu Mtarajiwa, Weka Fimbo Chini Kwanza

Nimepotea kidogo, mazoezi ya kufundisha yalinibana.

Ijumaa jioni tulikuwa Kivukoni kwenye foleni ya pantoni, walimu watarajiwa sita. Mwenzetu akatupa stori ya dogo wa darasa la pili: mwaka jana aliandika vizuri, siku hizi herufi zinapanda na kushuka, akiitwa haitiki. "Nimemtandika, uvivu utamtoka." Tukacheka. Na mimi nilicheka, ndiyo maana sijalala vizuri.

Sijui dogo ana nini. Labda haumwi kitu. Lakini mtoto aliyejua halafu akaanza kusahau siyo mvivu, ni wa kuchunguzwa! Yapo magonjwa ya kurithi yanayoharibu sehemu nyeupe ya ubongo. Nyuzi za neva zimevikwa ganda la mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Ganda likiharibika, ujumbe haufiki. Mmojawapo, ALD, utotoni huwapata wavulana, mara nyingi kati ya miaka 4 na 10. Dalili za mwanzo zinaonekana wapi? Darasani: mwandiko kuharibika, kutofuata maelekezo, ukorofi wa ghafla.

Lorenzo Odone aliishi hapo jirani, Komoro, kabla familia yake haijahamia Marekani. Huko shuleni akaanza vurugu zisizoeleweka. Mwaka 1984, akiwa hajafikisha miaka 6, ikagundulika ni ALD. Wazazi wakahangaika na mafuta maalumu mpaka ikatengenezwa filamu, 1992. Kijana wa Kikomoro alimfuata kwenda kumuuguza. Lorenzo alifariki 2008 akiwa na miaka 30, hawezi kusema wala kutembea.

Mtaniambia ni magonjwa adimu, na darasa limejaa. Sawa, lakini adimu siyo hakuna. Na kama tatizo ni macho tu, tangu lini fimbo ikatibu macho? Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa, na achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi. Sisi wa mazoezi nani katuandikia?

Kupandikiza uboho husaidia ALD ikigundulika mapema tu. Na anayeshika daftari la mtoto kila siku siyo daktari, ni sisi.

Jumatatu nitamwomba mwenzetu tulinganishe madaftari ya dogo, ya mwaka jana na ya sasa, kisha mwalimu wa darasa amwite mzazi. Akinicheka, acha acheke.

Naomba kuwasilisha.