Siku 3 Hazitoshi kwa Mkataba wa Miaka 25

Mkataba wa kukodi paneli za sola nchini Marekani kwa kawaida huwa wa miaka 20 hadi 25. Muda wa kuufuta, kwa kanuni ya shirikisho kuhusu mauzo yanayofanyika nyumbani kwa mteja, ni siku 3 za kazi. Wenye nyumba wengi wanaohangaika leo kutafuta upenyo wa kutoka walinaswa hapo, na hapo ndipo sheria inapaswa kuguswa kwanza.

Muuzaji hubisha hodi jioni akiwa na kishikwambi. Huonyesha bili ya umeme ya mwezi uliopita, huonyesha malipo mapya yaliyo chini yake, na mteja huweka saini kwa kidole kwenye kioo. Kifungu cha nyongeza ya asilimia 2.9 kila mwaka hupitwa haraka. Piga hesabu: anayeanza na dola 100 kwa mwezi atakuwa akilipa karibu dola 199 ifikapo mwaka wa 25, kwa paneli zilizochakaa na ambazo bado si mali yake. Akitaka kuuza nyumba kabla ya hapo, lazima mnunuzi akubali kuurithi mkataba, au yeye aulipie hadi mwisho.

Waliokopa ili kununua paneli nao wana yao. Mwaka 2024, ofisi ya shirikisho inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, ilieleza kwamba ada zinazofichwa ndani ya mkopo huweza kupandisha bei kwa asilimia 30 au zaidi kuliko ya kulipa taslimu. Wengine walihesabiwa nafuu ya kodi ya asilimia 30 kana kwamba imo mfukoni, ilhali mstaafu asiyedaiwa kodi ya mapato hakuwa na cha kupunguziwa.

Kampuni husema zimetanguliza fedha za vifaa na mafundi, na kwamba mikataba ikivunjwa ovyo hakuna atakayekopesha tena. Ni kweli. Lakini hoja hiyo haimhusu mteja aliyeahidiwa akiba isiyokuwapo. Siku zake 3 huisha kabla paneli hata moja haijapanda paani. Hana bili ya kulinganisha. Muda huo uanze kuhesabiwa mtambo ukishawashwa, umpe angalau bili za miezi mitatu. Gharama ya kung'oa paneli ikiwa juu ya muuzaji, atasema ukweli mapema.

Kufilisika kwa kampuni nako hakumfungui mteja. Kampuni ya sola ya SunPower iliomba ulinzi wa mahakama Agosti 2024, na nyingine, Sunnova, Juni 2025. Kampuni ikianguka, fundi hapatikani, lakini deni huendelea kukusanywa na anayelimiliki. Kwa sola za lipa kidogokidogo za Kenya na Tanzania, usipolipa taa huzimwa kutoka mbali. Marekani, hata taa zikizimika, mkopo unaendelea kudaiwa.

Sasa wamezuka wanaodai kumtoa mtu kwenye mkataba kwa ada ya kutanguliza, na wengine huishia kumwongezea hasara. Mwenye ndugu Marekani amwambie adai nakala ya mkataba ya karatasi kabla ya kusaini chochote. Na aliyekwisha kusaini asilipe ada hiyo kabla ya kupeleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lake. Kulalamika huko hakulipiwi.