Hesabuni Ngazi

Wanaouza safari za ski kule Mont Blanc wanauza uongo mtamu: eti theluji ya huko ni ya milele. Wacha niseme wazi. Si ya milele, na wao wanajua kuliko sisi.

Chukua njia ya Vallée Blanche, yaani Bonde Jeupe. Asubuhi unapanda gari la kebo kutoka Courmayeur, Italia, hadi Punta Helbronner, karibu mita 3,460 juu ya bahari. Unavaa mkanda wa kamba, maana chini ya theluji kuna nyufa zinazoweza kummeza mtu mzima. Kisha unateleza kuingia Ufaransa: unapita mto wa barafu wa Géant, halafu Tacul, halafu Mer de Glace, mkubwa kuliko yote nchini humo. Theluji ikiwa nzuri unafika hadi mji wa Chamonix, mita 1,035, magoti yakitetemeka. Ikiwa haba, unakatishia Montenvers na kushuka kwa treni.

Hapo Montenvers ndipo ukweli ulipo. Mwaka 1988, gari la kebo lilipojengwa, ilitosha kushuka ngazi 3 tu kulifikia barafu. Barafu ikazama, wakaongeza ngazi. Ikazama tena, wakaongeza tena. Zikapita 500. Watu waliokuwa wameteleza siku nzima wakawa wanamaliza safari kwa kupanda ukuta ambao zamani ulikuwa barafu.

Mimi niliacha chuo, naishi kwa kuandika, nalipwa kwa idadi ya maneno. Mteja mmoja wa ng'ambo alinipa kazi ya kuisifu njia hiyo. Niliandika kuhusu ngazi. Akafuta aya nzima. Eti gari jipya la kebo lilifunguliwa 2024, juu zaidi, kwa hivyo ngazi ni habari za kale.

Hebu tuisikilize hoja hiyo vizuri. Barafu imekimbia, wenye pesa wameifuata na kebo mpya, na sasa tunaambiwa tusitaje kwamba ilikimbia. Hiyo si habari ya kale. Hiyo ndiyo habari. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Najua kuna msomaji anayesema: hayo ni mambo ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Mwaka 1899 Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian pale Kirinyaga, alikuwa na waongozaji wawili kutoka Courmayeur hiyohiyo: César Ollier na Joseph Brocherel. Mito miwili ya barafu ya mlima wetu ikapewa majina yao, César na Joseph. Wapagazi Waswahili na Wakikuyu waliobeba mizigo hawakupewa hata kipande. Sasa hata hicho walichojigawia kinayeyuka. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Kirinyaga na ya Kilimanjaro huenda ikawa imekwisha kufikia 2050.

Tofauti ni moja. Chamonix wana mahali pa kuihamishia kebo. Kirinyaga hakuna juu zaidi; ukishapita Batian, mita 5,199, kilichobaki ni mawingu. Na hewa chafu inayoyeyusha barafu zote mbili haikutoka kwa wapagazi wala kwa wajukuu zao.

Simkatazi mtu kuteleza. Anayeweza kulipa, na ateleze, na afurahi. Lakini kila tangazo la Bonde Jeupe lianze na ngazi: 3 mwaka 1988, kisha zaidi ya 500. Mnunuzi ajue anauziwa siku moja juu ya kitu kinachokufa. Na sisi tunaoandika kwa kulipwa tusikubali kuwa kifutio cha mtu. Neno linalofutwa kwa sababu linaharibu biashara, mara nyingi ndilo neno pekee lililostahili malipo.