Nguvu za Kudaiwa

Msomaji, usikubali kuongozwa na tarakimu kama kipofu. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga shule na viwanja, mazoezi ya viungo yalifundishwa kwa wingi katika intaneti. Nyuma yake zikafuata taarifa zidaizo kwamba wanafunzi wa mazoezi hayo wamezidi nguvu kwa majuma kumi na mawili tu. Pengine ni kweli. Lakini dai lililopatikana kwa njia dhaifu halistahili kuitwa elimu.

Mvulana wa miaka kumi na minne hukua. Mpime leo, umpime tena muhula ujao: ataruka juu zaidi hata kama kazi yake yote ilikuwa kuchunga mbuzi. Nani basi aliyempa nguvu, mwalimu wa katika kioo au umri? Hapana ajuaye, ila kama walikuwapo vijana wa rika lake wasiopewa mafunzo, nao wakapimwa siku zile zile. Na makundi hayo sharti yagawanywe kwa kura. Watu wakiachwa wajichagulie, wapenda michezo watakwenda upande mmoja na wavivu upande wa pili, nasi tutayapa mafunzo sifa iliyo ya watu.

Tuseme wameanza 100, wakamaliza 40. Mtafiti huwapima hao 40, akashangilia! Wale walioumia, waliochoka, walioishiwa na fedha za intaneti, wamekwenda wapi? Tena kila mmoja hujipima nyumbani, akaandika mwenyewe amejiinua kwa mikono mara ngapi. Mchezaji ndiye mwamuzi; katika mpira tungepiga kelele.

Tazama zile hatua 10,000 za kila siku zinazosifiwa mno. Asili yake si maabara. Mwaka 1965 kiliuzwa Japani chombo cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walitangaza utafiti juu ya wanawake wazee 16,741 wa Marekani, waliovaa vyombo vya kuhesabu badala ya kuulizwa kwa mdomo. Vifo vilipungua kadiri hatua zilivyozidi, hata zilipofika 7,500 hivi kwa siku. Baada ya hapo havikupungua zaidi. Nao utafiti huo, japo bora, haukugawa watu kwa kura: huenda hatua ziliwapa afya, huenda pia mwenye afya ndiye awezaye kutembea sana.